Pleti ya meza ya rauta imefanya bonde katikati: inyooshwe au itupwe?

FremuZaIpuli (Tabora)

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada kwa wanaojua meza za rauta (mashine ya kuchimba mbao kwa kisu kinachozunguka).

Uso wa meza ni MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) ya milimita 18. Pleti ni nyeusi, unene milimita 6, upana 235, urefu 298, inakaa kwenye ribeti (ngazi iliyochimbwa kuzunguka tundu la meza) na kushikwa na skrubu nne za kona. Rauta iliyoning'inia chini yake ni ile kubwa ya koleti (kishikio cha kisu) ya nusu inchi, kilo 6 hivi. Kazi kubwa ya meza hii ni fremu za mizinga ya nyuki ya kisasa: mbao ya juu ya fremu ina urefu wa milimita 482 na inapitishwa gruvu (mfereji) ya kushikia karatasi ya nta.

Gruvu imepangwa iwe na kina cha milimita 5. Kwenye ncha zote mbili inatoka 5, katikati inatoka 4.4. Kisu hakijashuka, koleti imekazwa, urefu wa kisu umepimwa kabla na baada ya kazi ni uleule. Pia mbao ikikaribia kutoka upande wa kushoto inagonga kitu, nalazimika kuinyanyua kidogo ndipo ipite.

Rula ya chuma ikilazwa juu ya pleti mwanga unaonekana chini yake, na blade ya msumeno wa chuma inapenya karibu na tundu la kisu. Kuna wanaoshauri niigeuze juu chini, wengine niianike juani na kuibebesha tofali. Ipi ni njia sahihi, na itadumu?

---

Randa_Cheyo

Fundi, umeeleza vizuri, na vipimo vyako vinasema mengi. Blade ya msumeno wa chuma ina unene wa kama milimita 0.6, na tofauti ya gruvu yako ni 0.6. Bonde lako ndilo linalokula kina.

Linavyotokea ni hivi. Mbao inapoanza kupita, ncha yake iko hewani juu ya bonde na mkono wako unaisukuma chini, kwa hiyo inalala kwenye pleti na kisu kinakula 5 kamili. Ncha ikishafika ng'ambo, mbao inakuwa daraja: imeegemea meza pande zote mbili na katikati haigusi pleti. Hapo ndipo 0.6 inapopotea. Mwishoni ncha ya nyuma inaachwa na meza, inazama tena, kina kinarudi 5. Ndiyo sababu pleti yenye mgongo mdogo wa 0.1 au 0.2 ni afadhali kuliko yenye bonde la kiasi hichohicho. Kwenye mgongo, mbao hugusa pleti pale pale kwenye kisu kila wakati.

Ila kugonga kule kushoto usikuweke kwenye fungu hilo. Bonde linateremka na kupanda taratibu, halina kizingiti. Kugonga kunasema kona au ukingo mmoja wa pleti umezama chini ya uso wa meza. Una matatizo mawili, labda matatu, na ukinyoosha pleti peke yake utabaki unashangaa.

Kabla ya kugusa chochote chomoa waya ukutani, kisha anza na rula yenyewe. Chora mstari kwenye ubao kwa kuifuata, igeuze upande wa pili wa mstari uleule, chora tena. Mistari ikiachana katikati, rula imepinda na vipimo vyote ni bure. Kama huna rula ndefu, kipande cha bomba la mraba kutoka kwa mafundi wa madirisha ya alumini kinafaa, ila nacho kipime hivyohivyo.

Halafu pima pleti mara tatu. Kwanza ikiwa kama ilivyo, rauta inaning'inia na skrubu zimekazwa. Pili, legeza skrubu nne mzunguko mmoja mmoja na upime tena. Bonde likipungua ghafla, pleti ilikuwa inavutwa na skrubu kufuata ribeti mbovu. Tatu, itoe yote, fungua rauta, isimamishe pleti kwa ubavu ili uzito wake usikudanganye, pima kwa urefu, kwa upana na kona kwa kona zote mbili. Kona moja kwenda nyingine ikionyesha bonde na nyingine mgongo, hiyo imejisokota, na mara nyingi chanzo ni skrubu kukazwa juu ya kona isiyokaliwa. Tumia fila geji ya mafundi wa magari, ile ya kupimia valvu. Usipokuwa nayo, karatasi moja ya kuchapishia ni kama milimita 0.1, zipange moja moja mpaka zikabe.

Tofauti kati ya kipimo cha kwanza na cha tatu ni mzigo tu: ukiondoa rauta inarudi. Kinachobaki kwenye kipimo cha tatu kimeshaingia mwilini mwa pleti.

Tuambie pia ni pleti ya kitu gani.

---

ChumaNaMbao_Ujiji

Naongezea hapo kwenye "kitu gani", maana ndipo dawa inapotofautiana.

Tazama ukingo wa tundu la kisu, mahali palipokatwa. Ukiona tabaka nyembamba za kahawia kama kurasa za kitabu kilichofungwa, hiyo ni bakelaiti, karatasi iliyoshindiliwa na gundi. Toboa tundu dogo chini yake mahali pasipoonekana: bakelaiti inatoa unga mkavu wenye harufu kali, akriliki (plastiki ngumu kama kioo) inatoa nyuzi zinazojikunja. Ukucha ukiweza kuikwaruza na ikawa na utelezi kama nta, ni plastiki ileile ya vibao vya kukatia nyama, na hiyo haikupaswa kubeba rauta hata siku moja.

Bakelaiti hailainiki kwa moto. Ukiipasha inaungua au kupasuka tabaka, hainyooki. Akriliki inalainika, ila jua na tofali havifiki kwenye joto la kuipinda sawasawa. Kuilaza upya kunahitaji nyuzi 150 na zaidi, tena joto sawa kila upande, na kilichonyooshwa kwa pupa jikoni hutoka na mawimbi. Joto dogo la juani likichanganyika na tofali linakupa kitu kibaya zaidi: pleti inayosogea taratibu, leo imenyooka, wiki ijayo imeelekea kwingine.

Kuigeuza juu chini ni njia halali ya kuazima muda. Bonde linakuwa mgongo, rauta inauvuta chini. Lakini tundu za skrubu zilizozamishwa vichwa zinakuwa upande usio wao, lazima uzichimbe upya, na plastiki ikibeba uzito uleule kila saa italegea tena kuelekea chini. Ndiyo tabia ya plastiki, hata kama uzito hauongezeki.

Maoni yangu: tengeneza nyingine ya alumini ya milimita 10. Unene una nguvu kuliko watu wanavyodhani. Ukitoka milimita 6 kwenda 10 ugumu hauongezeki kwa nusu na zaidi kidogo, unakuwa karibu mara nne na nusu.

---

Randa_Cheyo

Hesabu yako ya unene ni sahihi, mkuu, lakini angalia meza yake. MDF ya 18 ikichimbwa ribeti ya 10 inabaki 8 ya kubeba rauta nzima, na MDF hupasuka hapo hapo kwenye kona ya ndani ya ribeti. Pia bolti za kushikia rauta itabidi ziwe ndefu zaidi kwa milimita 4, na kisu kinapoteza milimita 4 za kupanda juu ya meza. Kwa visu vifupi hiyo inauma.

Alumini kwa alumini, 10 inaishinda 6. Ila yeye anahama kutoka plastiki. Kwa unene uleule alumini ni ngumu kuliko akriliki zaidi ya mara 20. Kama mzigo ulikuwa unaivuta akriliki 0.2, alumini ya 6 itavutwa kitu ambacho fila geji yako haina jani lake. Abaki na 6 na ribeti yake aiache kina kilekile.

---

ChumaNaMbao_Ujiji

Nakubali. Kwa ribeti hiyo, 6 inatosha.

Basi niseme ya kupata na kukata. Usichukue bamba lililomiminwa na wafua sufuria. Ndani lina vitundu vya hewa na ni laini. Tafuta bamba lililopitishwa mtambo, kwenye karakana au maduka ya chuma, na lipime unyoofu hapohapo kabla hujalipa. Kipande kilichokatwa kwa mkasi mkubwa wa mtambo huwa kimejikunja ukingoni, kwa hiyo nunua kikubwa kwa sentimita 2 kila upande na uutupe ukingo huo. Chuma cha pua na chuma cheusi vinabeba vizuri, lakini cheusi cha milimita 6 kwa ukubwa wako kina uzito wa kilo 3.3 dhidi ya kilo 1.1 za alumini, kinashika kutu, na kikikatwa kwa gesi kinakunjamana kwa moto. Utakuwa umenunua bonde jipya.

Kata kwa jigsoo yenye blade ya chuma, mwendo wa polepole, ukiacha milimita 1 nje ya mstari. Alumini inapenda kuziba meno. Tabora hamkosi nta ya nyuki: isugue kwenye blade kila baada ya sentimita chache, meno yanabaki wazi. Malizia kwa tupa mpaka mstarini, kona uziviringe kufuata ribeti yako. Tupa nayo ipake chaki ya ubaoni kabla, isizibe.

Tundu za rauta: fungua kitako cha plastiki cha rauta, kipange katikati ya bamba, na weka alama kwa pini ya kutobolea kupitia tundu zilezile. Ukikosea hapa hata milimita 1 rauta haitaingia, na kuipanua tundu kwa tupa ya mviringo kunaifanya rauta iwe na mchezo. Toboa kwanza na drili ya 3, kisha ya kipimo cha bolti. Vichwa vizamishwe mpaka viwe chini ya uso kwa 0.2, kwa bolti ya M6 (milimita 6) hiyo ni kina cha kama 3.5, kwa hiyo simama hapo, chini yake kumebaki 2.5 tu. Tundu la kisu tumia drili ya duara. Kwa fremu za nyuki tundu la milimita 35 linatosha. Kubwa kuliko inavyohitajika linamfanya mtu apoteze egemeo la mbao fupi.

---

MamaRabeti (Kigoma)

Kaka wa Ipuli, kama kuna oda inasubiri na bamba halijapatikana, hiyo hiyo ya zamani inaweza kufanya kazi kwa muda bila kuigeuza.

Chukua vipande viwili vya chuma cha kona cha 20 kwa 20, unene 3, urefu 265. Vinakaa chini ya pleti kwa kufuata ule urefu wa 298, kimoja kila upande wa rauta. Pima kwanza nafasi: upana 235, ukitoa kitako cha rauta chenye 170 na ribeti ya 10 kila upande, unabaki na 22 na ushee kila upande. Kama kitako chako ni kipana zaidi, chuma hakitaingia, usilazimishe.

Kila chuma kishikwe na bolti za M4, mbili karibu na kila ncha. Sasa hapa ndipo wengi wanapokosea: wanakaza chuma kilichonyooka kwenye pleti iliyobonyea halafu wanashangaa imebaki vilevile, au chuma kimefuata pleti. Kati ya chuma na pleti, katikati ya urefu, weka vipande vya karatasi. Bolti za ncha zinavuta ncha chini, karatasi inasukuma katikati juu. Anza na unene sawa na bonde, kaza, pima, ongeza moja moja mpaka upate mgongo wa karatasi moja juu ya pleti, rauta ikiwa inaning'inia.

Kama ni akriliki, tundu la M4 litobolewe 4.5 ili bolti isibane ukuta wa tundu, na usikaze kama unafunga gurudumu. Usipake ile gundi ya maji ya kuzuia nati kulegea, inaipasua akriliki kwa mistari midogo midogo kama nywele. Thina na petroli nazo usizifutie.

---

FremuZaIpuli (Tabora)

Asanteni sana, kaka na dada. Majibu ya vipimo haya hapa.

Nyuzi zinazojikunja, hakuna tabaka. Ni akriliki. Rauta ikining'inia bonde ni 0.6, skrubu zikilegezwa 0.55, pleti ikiwa peke yake kwa ubavu 0.4. Haijajisokota.

Ribeti: kona ya kushoto mbele iko chini kuliko uso wa meza kwa 6.4, nyingine tatu ni kati ya 6.0 na 6.1. Kwa hiyo kona hiyo pleti ilikuwa inazama 0.4 nilipoikaza. Kugonga kumejulikana.

Na la tatu lipo kweli: pleti ikiwa nje, bomba la alumini likilazwa juu ya meza yote ya milimita 900, katikati kuna 0.3 ya kushuka. MDF yenyewe imelegea. Bamba la alumini la 6 limeagizwa. Kipi kianze?

---

Randa_Cheyo

Meza kwanza, ribeti baadaye, pleti mwisho. Ukisawazisha ribeti kwenye meza iliyolegea, siku utakayoinyoosha meza ribeti inapotea tena.

Tafuta vipande viwili vya mninga mkavu, 40 kwa 70, urefu sawa na meza ukiondoa sentimita 5 kila ncha. Ubavu mmoja wa kila kipande upigwe randa mpaka unyooke kabisa ukipimwa na bomba lako. Visimame kwa ule upana wa 70, si kulala. Kikilazwa, kipande hichohicho kina theluthi tu ya ugumu wake. Kimoja mbele ya tundu la pleti, kimoja nyuma, milimita 15 kutoka ukingo wa tundu, ili mkono wa kushika rauta bado uingie. Geuza meza uso chini juu ya mahali palipo sawa, isukume MDF igusane na mninga, kisha skrubu kutoka ndani ya mninga kwenda MDF. Zizame milimita 13 tu ndani ya MDF, zaidi ya hapo zinatoboa au kuvimbisha uso. Toboa njia kabla, MDF haipendi skrubu iliyolazimishwa. Gundi ya mbao usiweke, siku ukitaka kurekebisha kwa karatasi utashindwa.

Ukimaliza, kingo zote zilizokatwa za MDF, pamoja na ribeti na upande wa chini, zipakwe vanishi mara mbili. Uso wa juu wenye laminati umejikinga, wa chini uko uchi. Mvua zikianza Novemba, upande wa chini unanywa unyevu, wa juu haunywi, na ubao unapinda hata kama rauta haipo. Bora kazi hii uifanye sasa kukiwa kukavu. Vanishi ikauke siku nzima kabla ya hatua inayofuata.

Sasa ribeti. Usiweke washa chini ya kona. Washa inabeba nukta moja, na mtikisiko wa rauta unaichimbia kwenye MDF. Tumia gundi ya epoksi ya tyubu mbili. Pleti mpya ya alumini isugue nta ya nyuki upande wa chini na kwenye ukingo wote kuzunguka, kisha fanya hivyo tena. Mahali pasipo na nta patashika na hapataachia. Changanya epoksi, ongeza unga wa msasa wa mninga uliochekechwa mpaka iwe nzito kama ugali mlaini, isitiririke. Weka matone manane: kona nne, na katikati ya kila upande. Zile za katikati ya pande ndizo watu huziacha, na pleti inabaki inaning'inia kwenye kona nne tu.

Ribeti zako tatu ni 6.0 hadi 6.1, pleti ni 6, kwa hiyo epoksi haina nafasi hapo. Ichimbe ribeti yote mpaka 6.5 kwanza. Ndiyo, uchimbe tena, kisha sehemu iliyochimbwa ipakwe vanishi upya. Safu ya epoksi ya nusu milimita inashika vizuri kuliko ile inayofifia mpaka sifuri.

Laza pleti bila rauta. Juu yake weka mabomba mawili ya alumini yaliyonyooka, yapite mezani pande zote, yafunge na klampu kwenye meza. Kutoka chini, sukuma pleti ipande iguse mabomba kwa kabari za mbao zilizoegemea kipande kilichopigwa chini ya meza. Epoksi itajaza pengo lolote lililopo. Iache mpaka kesho yake. Kuitoa, sukuma kutoka chini kupitia tundu la kisu, itaachia kwa mlio mdogo wa "ta". Matone yaliyofurika ndani ya tundu yakate kwa patasi.

Skrubu nne za kona, kwa pleti mpya, zikazwe kwa bisibisi ya mkono mpaka ziguse, kisha robo mzunguko. Kazi yake ni kuzuia pleti isiruke, si kuivuta chini.

---

MamaRabeti (Kigoma)

Mawili ya matumizi.

Alumini ikiwa tupu inaacha michirizi ya kijivu kwenye mbao nyeupe. Isugue kwa msasa wa 400 wenye maji, ikaushe, pasha kitambaa chenye nta ya nyuki kidogo juani na uisugue mpaka ing'ae, halafu futa mpaka kidole kisishike kitu. Nta ikibaki nene inashika vumbi na kuinua mbao.

Na usiiache rauta ikining'inia wiki nzima bila kazi, hasa kipindi hiki ambacho pleti ni ile ya akriliki. Kata kigogo kinachotoka sakafuni au kwenye rafu ya meza mpaka chini ya mota, kiwe pungufu kwa milimita 2, na ziba hizo 2 kwa kabari mbili zinazopishana. Ibebe tu, usiisukume juu. Kabla ya kuwasha, kabari zitoke.

Mkimaliza yote, pitisha mbao ya fremu ya 482 na upime gruvu kwa venia (kipimo cha kubana) kwenye sentimita 2, 24 na 46. Tofauti ikiwa ndani ya 0.1 karatasi ya nta itakaa sawa. Ikizidi, angalia kwanza kama mbao ya fremu yenyewe imenyooka upande unaolala chini, kabla hujaanza kufungua meza.

---

FremuZaIpuli (Tabora)

Nimeandika yote pembeni. Swali dogo tu kwa Randa: matone ya katikati ya pande, yawe na upana gani?

---

Randa_Cheyo

Kama sarafu ya shilingi mia. Ribeti ya 10 itayabana yenyewe yawe marefu.